MOYO UKISIMAMA, NANI WA KWANZA KUFIKA?

Tukitembelea vikundi twasikia, "Mambo ya moyo ni ya daktari." Hebu tuangalie.

Moyo wa mtu ukisimama ghafla, damu haifiki kwenye ubongo. Kila dakika inayopita bila msaada, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Dakika kumi si nyingi. Kwa barabara zetu, gari gani litakuwa limefika?

Wenzetu wenye magari pia walipata shida hii. Mwaka 1966 huko Belfast, Ireland ya Kaskazini, Dkt. Frank Pantridge aliona wagonjwa wengi wanafia nyumbani. Akatia ndani ya ambulensi mashine ya kushtua moyo kwa umeme, kilo 70 hivi, ikitumia betri za gari. Mwaka 1970 mji wa Seattle, Marekani, ulianza kutumia wazima moto waliofundishwa kazi hiyo. Lakini hata hao walichelewa dakika kadhaa. Basi wakafundishwa raia wa kawaida, na Seattle ikajulikana kwa kuokoa wengi.

Kwa nini raia? Kwa sababu ndio walio karibu. Kubonyeza kifua hakuponyi moyo, ila kunasukuma damu kidogo mpaka msaada ufike. Si wote wataokoka, lakini asiyesaidiwa hana nafasi.

Mtu mzima akianguka, fanyeni hivi:

1. Mwiteni, mtikiseni bega. Asipoitika wala kupumua sawasawa, msingoje. Kukoroma na kutweta mara moja moja si kupumua.

2. Tumeni mtu mmoja, kwa jina lake, apige simu na kutafuta gari.

3. Mlazeni chali mahali pagumu. Weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, nyoosha mikono. Bonyeza kwa nguvu, sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Acha kifua kirudi juu kila mara. Mpokezane kila dakika mbili.

Na yule ambaye hajazimia, lakini kifua kinambana, anatoka jasho, maumivu yanaingia mkononi au tayani? Huyo asiambiwe angoje asubuhi, wala asitembezwe. Apelekwe hospitali mara moja.

Katika mkutano ujao, ulizaneni: usiku nani ana gari? Namba yake iko kwa nani? Pesa za mafuta zitatoka wapi? Kisha mwombeni muuguzi wa zahanati au Msalaba Mwekundu awaonyeshe kwa vitendo. Kusoma pekee hakutoshi, mikono ni lazima izoee.