Vitafunwa vyanunuliwa, mpunga wa zambarau watoweka

KILA mwaka, kuanzia Desemba 16 hadi 24, Wakatoliki wa Ufilipino huamka usiku kwenda misa ya alfajiri. Nje ya makanisa, biashara ya vitafunwa vya mchele hupamba moto.

Kuna bibingka, mkate wa unga wa mchele na tui la nazi unaookwa juu ya jani la mgomba, makaa juu na chini, kama mkate wa kumimina wa Pwani. Kuna pia puto bumbong: unga wa mchele wa kunata hupikwa kwa mvuke ndani ya vipande vya mwanzi, kisha hupakwa siagi na kunyunyiziwa sukari na nazi iliyokunwa.

Rangi yake ya zambarau asili yake ni mpunga uitwao pirurutong, na hapo ndipo penye tatizo. Kama mbegu nyingi za kienyeji, hauzai sana. Mwaka 1966 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga (IRRI), iliyoko Los Baños, ilitoa mbegu ya IR8 yenye mavuno mengi. Wakulima wengi wakaziacha mbegu za asili. Ni vigumu kuwalaumu. Idadi ya magunia ndiyo iliyolipa madeni.

Siku hizi wachuuzi wengi hutumia mchele mweupe wa kunata na kutia rangi ya dukani au kiazi kikuu cha zambarau. Mradi mnunuzi haulizi, mchuuzi hana sababu ya kugharamia mchele adimu, wala mkulima ya kutunza mbegu.

Huko Ifugao mambo yalikwenda tofauti: mchele wa tinawon, unaovunwa mara moja kwa mwaka kwenye matuta ya milimani, uliuzwa hadi Marekani kwa jina lake.