Parafujo Iliyokwama

Kamera ya kupigia picha chini ya bahari hutiwa katika kasha la alumini, na mkono wa kulishikia hufungwa kwa parafujo ya chuma kisichoshika kutu. Kasha lisiposuuzwa kwa maji matamu, maji ya bahari hukauka katika hesi za parafujo, chumvi ikabaki. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa; na madini ya namna mbili yakigusana penye unyevu wa chumvi, moja huliwa. Iliwayo hapa ni alumini, wala si chuma kama wengi wadhanivyo. Hugeuka unga mweupe, utakao nafasi kubwa kuliko alumini yenyewe, basi huibana parafujo kama kabari.

Mwenye haraka huizungusha kwa nguvu zake zote, kichwa kikavunjika, shina likabaki ndani. Fundi mwenye subira huondoa kamera kwanza, akalilaza kasha katika maji matamu ya uvuguvugu usiku kucha, chumvi iyeyuke. Ikikataa bado, hudondosha mafuta mepesi, akichunga yasifike kwenye mpira uzuiao maji. Kisha hupafunika mahali pale kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto: alumini hutanuka kupita chuma, tundu likapanuka. Ndipo huizungusha parafujo kidogo, akairudisha, akaizungusha tena. Ikitoka, husugua ule unga kwa mswaki, akapaka grisi kabla ya kuifunga.