Mtoto asiyetulia: Fimbo na hirizi si dawa

MTOTO akipandwa na homa usiku, mzazi hangoji kukuche. Humbeba, hutafuta gari na kumkimbiza hospitalini. Majirani huja kumjulia hali na kutoa pole. Lakini mtoto huyo huyo akiwa hawezi kukaa kitako hata kwa dakika tano, husahau kila anachotumwa na hufukuzwa kila darasa analoingia, mlango wa nyumba hufungwa. Hakuna anayekuja kutoa pole. Kinachokuja ni minong'ono.

Je, msomaji, unamjua mtoto wa aina hii? Yawezekana ni wako, ni wa ndugu yako au ni wa jirani mnayechota maji pamoja. Huenda umemwita mtukutu, mkaidi au mjinga. Huenda pia umesikia ikisemwa kwamba ana jini.

Kuna uwezekano kwamba mtoto huyo ana hali ambayo madaktari huitambulisha kwa herufi ADHD, yaani upungufu wa makini unaoandamana na kutotulia kupita kiasi. Hali hii hupatikana kote duniani, mjini na mashambani. Katika makala haya tutaitazama kwa jicho la Garissa na eneo zima la Kaskazini Mashariki, ambako mzazi wa mtoto kama huyo hubeba mzigo maradufu: ule wa maradhi na ule wa aibu.

Si utundu wa kawaida

Kila mtoto ni mtundu kwa kiasi chake. Mtoto wa miaka minne anayepanda juu ya meza na kumwaga maziwa si mgonjwa. Tofauti ni kwamba utundu wa kawaida hupungua mtoto anapokua na kuelekezwa, ilhali huu wa maradhi humwandama kila aendako na humharibia masomo, urafiki na maisha ya nyumbani.

Dalili zake ziko za aina mbili. Kwanza ni zile za makini: mtoto huanza kazi asiimalize, hupoteza kalamu na vitabu kila siku, huonekana hasikii anaposemeshwa, na huvutwa na kila kinachopita dirishani. Pili ni zile za kutotulia: hujinyonganyonga kitini, huinuka wakati wengine wameketi, husema bila kikomo, hujibu swali kabla halijaisha, na hawezi kungoja zamu yake.

Wapo watoto wenye dalili za aina zote mbili. Wapo wengine, hasa wasichana, wenye zile za makini tu. Hawa hawamsumbui mtu yeyote. Hukaa kimya nyuma ya darasa, mawazo yakiwa mbali, na kwa sababu hiyo hawatambuliwi kamwe. Msichana wa namna hii akishindwa na masomo, ni rahisi watu kusema kwamba shule haikuandikiwa yeye, na hapo huwa mwisho wa elimu yake.

Hali hii haikuanza jana. Mwaka wa 1902 daktari wa watoto, George Still, alitoa mihadhara mjini London kuhusu watoto ambao akili zao zilikuwa timamu lakini hawakuweza kujizuia. Leo inakadiriwa kwamba kati ya kila watoto 100 duniani, kama watano wanayo. Kwa hesabu hiyo, katika darasa la wanafunzi 60, huenda watatu wanaihangaikia bila mwalimu kujua.

Chanzo chake

Uchunguzi uliofanyiwa mapacha umeonyesha kwamba urithi ndio chanzo kikubwa. Aghalabu utakuta baba, mjomba au shangazi alikuwa hivyo hivyo utotoni. Mambo mengine yanayoongeza hatari ni mtoto kuzaliwa kabla ya miezi kutimia, kuzaliwa na uzani mdogo, au kuumia kichwa.

Malaria inayopanda kichwani nayo haiachi ubongo salama kila mara. Uchunguzi wa muda mrefu wa watafiti wa KEMRI huko Kilifi umeonyesha kwamba baadhi ya watoto wanaopona malaria hiyo hubaki na kifafa, shida ya kusema, ugumu wa kujifunza au tabia zilizobadilika. Jambo hili linawahusu wakazi wa Kaskazini Mashariki pia. Wajir ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa malaria mwaka wa 1998, baada ya mvua za El Nino.

Yasiyoleta maradhi haya ni sukari, jicho la hasidi na malezi mabaya. Hili la malezi lafaa kusisitizwa, kwa sababu mama ndiye hulaumiwa kwanza. Ataambiwa kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, kana kwamba hakufundisha. Ukweli ni kwamba mama huyo amefundisha kuliko wenzake, na amechoka kuliko wenzake.

Kuna utafiti mmoja uliofanywa Kenya kaskazini ambao unatufunza jambo. Mwaka wa 2008 wanasayansi kutoka Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu wanaume wa jamii ya Ariaal, wafugaji wa Marsabit. Walipima aina fulani ya jini ya urithi ambayo imehusishwa na ADHD. (Msomaji asichanganye: hii ni jini ya kibayolojia, si yule wa mashetani.) Waliokuwa nayo na wangali wakihamahama na mifugo walikuwa na miili yenye lishe bora kuliko wenzao wasio nayo. Lakini waliokuwa nayo na wamehamia vijijini kuishi mahali pamoja, walikuwa wembamba kuliko wenzao.

Utafiti huo haukusema kwamba kuchunga ngamia ni tiba ya ADHD. Hata hivyo, unatukumbusha kwamba mtu anayeonekana hafai mahali fulani aweza kufaa mahali pengine. Mtoto ambaye dawati linamshinda si mtoto aliyelaaniwa. Ni mtoto ambaye ubongo wake unafanya kazi kwa njia tofauti na ile ambayo darasa linataka.

Jini, waalli na aibu

Katika Kisomali, neno waalli humaanisha wazimu, na ni neno zito. Likimwangukia mtoto mmoja, jamaa nzima huogopa kuguswa nalo. Wazazi huhofia kwamba dada zake watakosa wa kuwaposa. Ndiyo maana mtoto hufichwa wageni wanapokuja, na hospitali huwa mahali pa mwisho pa kukimbilia.

Kabla ya hapo mtoto hupitishwa mengi. Hufungwa hirizi, hufukizwa ubani, na wengine huchomwa ngozi kwa kijiti cha moto, tiba ya jadi ambayo huacha makovu tu. Mwaka wa 2013 vyombo vya habari viliripoti kwamba mjini Mogadishu kulikuwa na familia zilizolipa pesa nyingi ili jamaa yao afungiwe chumbani na fisi, kwa imani kwamba fisi atamtimua jini. Mwaka wa 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watu wanaofungwa minyororo kwa sababu ya afya ya akili katika nchi zipatazo 60, Kenya ikiwemo. Kati yao walikuwemo watoto wa umri wa miaka 10.

Hapa yafaa tuseme wazi kwamba dini haikatazi hospitali. Mtume alihimiza waumini wajitibu. Katika mji wa Cairo, Sultani Qalawun alijenga hospitali kubwa mwaka wa 1284, nayo ilikuwa na sehemu maalumu ya wagonjwa wa akili. Mzazi anayetaka mwanawe asomewe dua na asomewe. Ila dua isigeuzwe kuwa sababu ya kumnyima daktari nafasi, na kisomo kisiwe cha viboko. Shekhe mwenye busara ndiye atakayemwambia mzazi: "Tumemwombea, sasa mpeleke hospitalini."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mtoto mwenye ADHD asiyesaidiwa huachishwa shule mapema, hupata ajali zaidi, na akifika ujanani huwa katika hatari kubwa ya kuingia katika dawa za kulevya. Hicho ndicho kilio chenyewe.

Si kila asiyetulia ana ADHD

Usikimbilie kumbandika mtoto jina. Mtoto asiyesikia vizuri hawezi kumfuata mwalimu. Asiyeona ubao hupoteza hamu. Kipo kifafa cha aina ambayo mtoto haanguki bali hukodoa macho kwa sekunde chache, na mwalimu hudhani anaota. Upungufu wa damu na usingizi nao humfanya mtoto asimakinike.

Halafu kuna njaa na hofu. Kati ya mwaka wa 2020 na 2023 eneo hili lilikosa mvua misimu mitano mfululizo, na mifugo ikafa. Mtoto aliyelala na njaa hawezi kutulia darasani. Mnamo Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Kambi za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka wa 1991, zimelea watoto ambao familia zao zilikimbia vita. Mtoto aliyeona damu ikimwagika, au aliyelelewa na watu walioiona, aweza kushtuka ovyo, kukosa usingizi na kushindwa kusoma. Dalili zake hufanana na za ADHD, lakini tiba yake ni nyingine.

Mwalimu ndiye angekuwa wa kwanza kutambua tofauti hizi. Lakini mnamo Januari 2020 walimu watatu waliuawa na magaidi huko Kamuthe, Garissa, na Tume ya Kuajiri Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka eneo hilo. Darasa likikosa mwalimu, au mwalimu mmoja akibaki na madarasa mawili, mtoto anayehitaji kuangaliwa kwa karibu huwa wa kwanza kupotea.

Apimwe wapi?

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha ADHD. Mtaalamu huuliza na kutazama. Dalili sharti ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12, ziwe zimedumu kwa miezi sita au zaidi, na zionekane mahali zaidi ya pamoja.

Hapa Garissa ina nafasi nzuri ambayo hatuitumii. Mtoto wengi wao wa hapa wana mahali patatu: nyumbani, shuleni na duksi. Basi mwalimu wa Kurani ni shahidi muhimu sawa na mwalimu wa shule. Kabla ya kwenda kwa daktari, mwulize kila mmoja wao ameona nini, na uandike majibu.

Anzia katika kituo cha afya kilicho karibu, kisha uombe kuandikiwa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Garissa. Wataalamu wengi wa akili wako Nairobi, ambako Hospitali ya Mathari imekuwepo tangu mwaka wa 1910, lakini hizo ni kilomita zipatazo 370 kutoka Garissa, na kutoka Mandera ni mbali zaidi mno. Usianze kwa safari hiyo. Uliza pia katika ofisi ya elimu kuhusu kituo cha kukagua watoto wenye mahitaji maalumu, EARC. Vituo hivi vilianzishwa nchini mwaka wa 1984.

Serikali nayo ina deni. Jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Mwaka wa 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho na kuzipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Mkazi wa Garissa, Wajir au Mandera ana haki ya kumwuliza mwakilishi wa wadi yake huduma hizo zi wapi.

Ufanye nini nyumbani?

Kwa mtoto aliye chini ya miaka sita, tiba ya kwanza ni kumfunza mzazi, wala si vidonge. Mambo haya humfaa pia mtoto mkubwa:

• Mpe agizo moja kwa wakati mmoja. Mwite jina, mtazame machoni, kisha useme kwa ufupi.

• Msifu papo hapo afanyapo jema, hata likiwa dogo. Sifa ya kesho haimsaidii.

• Weka saa zisizobadilika za kula, kusoma na kulala.

• Mwombe mwalimu amkalishe mbele, mbali na dirisha, na amtume nje mara kwa mara, kwa mfano kuleta chaki, ili anyooshe miguu.

• Gawa kazi ya nyumbani katika vipande vya dakika kumi kumi.

• Acha fimbo. Haiponyi ubongo, na shuleni imepigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013.

Mtoto mkubwa ambaye bado anataabika aweza kupewa dawa, kama ile iitwayo methilfenideti. Huwasaidia wengi, lakini hutolewa kwa cheti cha daktari tu. Yaweza kupunguza hamu ya chakula na usingizi, kwa hivyo uzani, kimo na shinikizo la damu hupimwa kila mara. Usiinunue kichochoroni, wala usimpe mtoto dawa aliyoandikiwa mwenzake.

Na wewe usiye na mtoto wa namna hii, una kazi pia. Neno "kichaa" lisitoke kinywani mwako mbele ya mama wa watu. Mtembelee kama vile ungemtembelea mwenye mtoto mgonjwa wa homa. Pole unayompa yaweza kuwa ndiyo itakayomtia nguvu za kutoka nyumbani na kumfikisha mwanawe kwa daktari.