Utangulizi: Shingo ya Mtungi

Ng'ombe akiingia joto kwenye boma la Ruiru au nje kidogo ya Thika, mfugaji hupiga simu, na mpandishaji hufika kwa pikipiki, mtungi umefungwa nyuma. Ndani mna mbegu za fahali, pengine zilizotoka kituo cha mbegu cha Kabete, zikiwa zimezamishwa katika naitrojeni ya majimaji ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Wewe unayelianza somo hili la vifaa kwenye baridi kali, anzia kwenye mtungi huo. Roketi zitafuata.

Utazame kwa karibu. Ni mitungi miwili, mmoja ndani ya mwingine, na hewa iliyokuwa kati yao imenyonywa. Wa ndani unaning'inia kwa shingo tu. Mwili ni alumini. Shingo kwa kawaida ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na epoksi, maana alumini ingeingiza joto mara mamia zaidi. Viwili hivyo vimeunganishwa kwa gundi, na kisa chote kiko hapo.

Ikitoka kwenye joto la chumba hadi baridi hiyo, mita moja ya alumini hunywea karibu milimita 4. Kioo na epoksi, kama nusu yake. Kwenye shingo ya upana wa sentimita 5, tofauti ni sehemu ya kumi ya milimita, unene wa karatasi. Usiidharau. Kila upande unataka kunywea kwa kipimo chake, gundi inakataa, na nguvu inazaliwa ndani ya kiungo bila yeyote kuweka mzigo. Huo ndio mkazo wa joto, jina la kuchekesha kwa jambo la baridi kali. Ongeza mitikisiko ya barabara za murram, na siku moja gundi inapasuka ufa mwembamba kama unywele, hewa inaingia, naitrojeni inakwisha, mbegu zinakufa.

Kubadilisha vifaa hakuondoi shida. Chuma cha kawaida kina balaa lake: kwa baridi hii huvunjika kama kioo. Nyuzi za kaboni nazo karibu hazinywei, ilhali epoksi inayozishika hunywea kama milimita 10 kwa mita, hivyo ugomvi umo ndani ya ukuta wenyewe. Novemba 1999, tangi la namna hiyo la chombo cha anga X-33 cha NASA lilijaribiwa kwa haidrojeni ya majimaji. Gesi ikapenya kwenye nyufa ndogo, na tangi lilipopata joto, tabaka za ukuta zikabanduka.

Mwanafunzi wetu wa Juja hahitaji tangi la NASA ili kuuona ugomvi huu. Ukiona mtungi unatoa jasho au umeota barafu kwa nje karibu na shingo, hamisha mbegu siku hiyo hiyo. Ukishakuwa mtupu, tuletee tuukate, tukitazame kiungo.