Losheni ya Jua: Nani Anunue, Nani Abaki na Hela Yake

Kama ngozi yako ni nyeusi na unataka losheni ya jua kwa kuogopa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, rudisha pochi mfukoni. Kwa watu weusi saratani hiyo hujitokeza zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, ambako jua halifiki sana. Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, yake ilianzia kwenye kidole gumba cha mguu. Kukagua nyayo ni bure. Ukiona mstari mweusi mpya kwenye ukucha mmoja, tena unaozidi kupanuka, au kidonda kisichopona, hapo ndipo utoe nauli ya kwenda kwa daktari wa ngozi.

Mwenye ualbino ana hesabu nyingine. Kwake jua huleta saratani za ngozi mapema, ingawa mara nyingi si melanoma. Ila asianzie kwenye losheni.

Aanze na kofia ya pama. Kapelo huacha masikio na shingo nje. Halafu shati la mtumba la mikono mirefu, kitambaa kizito. Palepale mnadani liinue juu uliangalie: mwanga ukipenya, liache. Fulana nyeupe nyepesi iliyolowa jasho haikingi kitu cha maana.

Shati unalilipia mara moja. Losheni ndiyo inayokula hela kimyakimya: kujipaka mwili mzima humaliza kama mililita 30, na ukiwa juani unarudia kila baada ya saa mbili. Chupa ya mililita 100 haimalizi siku. Funika mwili kwa nguo, losheni iwe ya uso, masikio, shingo na viganja kwa nyuma.

Dukani usilipie namba kubwa ya SPF, yaani kipimo cha kinga ya losheni. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza, SPF 50 asilimia 98. Gawanya bei kwa mililita: ya mililita 50 kwa shilingi 25,000 ni ghali kuliko ya mililita 200 kwa 60,000. Chupa iliyoanikwa juani mbele ya duka usiiguse, na inayoahidi weupe ni mkorogo tu.

Tena huenda usilipe kabisa. Hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, hutengeneza losheni inayogawiwa bure kwa wenye ualbino. Kenya, ulizia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Lakini piga simu kwanza hospitali ya wilaya uulize kama kliniki ya ngozi hupita karibu, usije ukalipa nauli inayozidi bei ya chupa.