Simu Ikipotea, Risiti Zako Ziko Wapi?

Unauza samaki Likoni au mboga Kongowea? Ujumbe wa M-PESA ndio risiti yako. Ukikaa ndani ya simu pekee, simu ikiibiwa kwenye feri, utahangaika kumwonyesha landilodi kwamba kodi ulilipa.

Tunakushauri hivi: kila mwisho wa mwezi, piga *334#, ingia kwenye akaunti yako, uitishe stetimenti kamili. Utaipata kwa barua pepe, faili ya PDF iliyofungwa. Nambari ya kuifungua huja kwa SMS, kwa hivyo iandike kwenye daftari nyumbani; simu ikienda, isiende nayo. Landilodi akidai hujalipa, fungua faili, msome pamoja tarehe na kiasi. Maneno yameisha.

PIN yako? Hiyo usiandike popote.