Sura ya 6: Mgeni Anayekuja na Kitanda Chake

Ukisoma mipango ya utalii ya halmashauri zetu, utakuta ukurasa mmoja unaoweza kuhamishwa kutoka wilaya hii hadi ile bila kubadilishwa chochote isipokuwa jina la mkuu wa wilaya. Ni ukurasa wa tamasha. Kutakuwa na ngoma za asili, mashindano ya mapishi, mgeni rasmi, jukwaa lenye spika kubwa, na mwishoni sentensi inayosema kwamba tamasha "litafungua" wilaya kwa wageni. Katika sura hii nataka kuonyesha kwamba hesabu hiyo imeanzia mwisho. Nitatumia Ngara na Biharamulo, kwa sababu wilaya hizi mbili za Kagera zina jambo ambalo waandishi wa mipango hawalioni ingawa linapita mbele ya ofisi zao usiku na mchana: wageni wa kulala tayari wanao, kila siku ya Mungu, na wengi wao hawajawahi kuhesabiwa kuwa wageni.

Tuanze na yule anayetajwa sana siku hizi, mtalii wa gari la kulala, anayetembea na kitanda, jiko na tangi la maji ndani ya gari au kwenye tela analovuta. Wapo wanaolikatiza bara hili kwa miezi, wakitoka Nairobi au Kampala kuelekea kusini, na baadhi yao huingilia Rusumo wakitokea Rwanda. Dhana iliyoenea ni kwamba mtu wa namna hii hutafuta sherehe. Australia, nchi yenye wasafiri wengi wa aina hiyo, wenyewe wana chama, Campervan and Motorhome Club of Australia, ambacho huutambua rasmi mji mdogo kuwa rafiki kwa magari ya kulala. Vigezo vyake vya lazima havina ushairi hata kidogo. Mji uwe na mahali pa kuegesha gari refu karibu na maduka, mahali pa kulala usiku mmoja au miwili kwa bei nafuu, maji safi ya kunywa, na sehemu ya kumwagia maji taka ya chooni. Tamasha halimo. Miji mingi ya kule ina sherehe zake, za mavuno, za farasi, za muziki, na zinajaa watu. Lakini wanaojaa ni wale ambao tayari walijua watalaza wapi magari yao.

Sasa tuitazame barabara yetu. Kutoka Dar es Salaam hadi mpaka wa Rusumo ni takriban kilomita 1,300. Lori linalobeba mzigo wa Rwanda, Burundi au mashariki ya Kongo hupita Kahama, likafika Nyakanazi, ambapo njia ya Kibondo na Kigoma huchepuka, kisha Lusahunga, ambapo njia ya Biharamulo mjini na Bukoba huelekea kaskazini. Kutoka Lusahunga hadi Rusumo ni kilomita 92, na katikati, pale Nyakasanza, lori lenye mzigo wa Burundi hukata kuelekea Kabanga na Kobero. Dereva wa semi-trela kwenye njia hii hulala ndani ya kabini. Ana godoro nyuma ya kiti, ana jiko dogo la gesi, ana ndoo ya maji, na mara nyingi ana utingo anayelala chini ya tela au juu ya turubai. Nielezwe kwa nini huyu si mtu wa gari la kulala, na yule mwenye gari jeupe lenye kibandiko cha bendera ya Uholanzi ndiye. Tofauti pekee ninayoiona ni kwamba mmoja anafanya kazi na mwingine yuko likizo. Mahitaji yao ya saa mbili usiku ni yale yale: sehemu tambarare, taa, mlinzi, maji, choo, chakula cha moto, fundi wa tairi.

Na hapa lazima nisimame Benaco, ingawa mpango wa sura hii ulikuwa kupita tu. Hakuna mahali pengine Afrika Mashariki panapofundisha somo la kupokea wageni wa barabarani waziwazi kama pale. Benaco, katika wilaya ya Ngara, si mbali na mpaka, ilipata jina kutokana na kampuni ya ujenzi wa barabara iliyoweka kambi hapo. Kampuni iliondoka, jina likabaki, na jambo la maana zaidi, bwawa dogo la maji likabaki. Mwisho wa Aprili 1994 mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda, umati ulivuka daraja la Rusumo kwa miguu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikadiria watu 250,000 ndani ya saa 24. Walielekezwa Benaco. Kwa nini Benaco na si mji wa Ngara wenye ofisi za serikali, wala Rulenge yenye misheni kongwe? Kwa sababu palikuwa na lami, palikuwa na uwanda, na palikuwa na maji. Katika wiki chache pakawa na masoko, vinyozi, wachinjaji na vituo vya baiskeli. Miezi mitatu baadaye wimbi jingine liliingia Goma, upande wa Kongo, kwenye miamba ya volkeno isiyochimbika hata shimo la choo, na watu wakanywa maji ya ziwa bila kutibiwa. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu. Benaco iliumia pia, lakini haikufikia hata karibu na hapo.

Kutokana na mafunzo ya mgogoro ule, mashirika ya misaada yalianza mwaka 1997 kuandika viwango vinavyojulikana kama Sphere. Hivyo ndivyo ningemshauri kila ofisa mipango avibandike ukutani badala ya ratiba ya tamasha: lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, choo kimoja kwa watu 20, shimo la choo lisipungue mita 30 kutoka kisima. Viliandikwa kwa ajili ya wakimbizi, lakini mwili wa binadamu haujui hadhi ya mwenyewe. Chukua yadi ya malori 30, kila lori na dereva na utingo wake. Ni watu 60, yaani lita 900 kwa usiku na matundu matatu ya choo. Simtanki la lita 5,000 linatosha siku tano. Ongeza magari manne ya watalii na hesabu haishtuki. Hiyo ndiyo gharama ya kuukaribisha ulimwengu Ngara, na ni ndogo kuliko kukodi jukwaa na muziki wa siku mbili.

Jambo la choo linahitaji maelezo zaidi, na msomaji mwenye haraka anivumilie, kwa kuwa hapa ndipo miji mingi huharibu. Gari la kulala lina choo chenye kasha la kuhifadhi uchafu, na ndani ya kasha humwagwa dawa ya kuua harufu. Baadhi ya dawa hizo zina formalini au kemikali nyingine za kuua vimelea. Ukizimwaga kwenye karo la kawaida kwa wingi, unawaua bakteria wanaokula uchafu, na karo linaacha kufanya kazi. Ukizimwaga kwenye choo cha shimo, kemikali inashuka kuelekea maji ya ardhini. Kwa hiyo inahitajika karo la peke yake, lenye sakafu ya zege inayoteremkia tundu, na bomba la kusuuzia lisilokuwa lile la kuchotea maji ya kunywa. Nasisitiza mabomba mawili. Mtu aliyetoka kusuuza kasha la choo hushika bomba, na anayefuata hujaza dumu lake hapohapo. Dereva wa lori yeye hana kasha wala dawa, na ndiyo maana pembezoni mwa barabara zetu kuna chupa ambazo hakuna anayetaka kuziokota. Tunamlaumu kwa kukosa ustaarabu, wakati kwa kilomita nyingi hakuna aliyemjengea mahali pa kuuonyesha ustaarabu huo.

Pingamizi la kwanza ninalokutana nalo ni pori. Watu wa Mwanza na Dar bado wanasimulia misafara ya mabasi iliyosindikizwa na polisi wenye bunduki kuvuka mapori ya Biharamulo na Ngara, kana kwamba ni habari ya juzi. Ujambazi ule ulikuwa wa kweli, na chanzo chake kilikuwa silaha zilizosambaa kutokana na vita vya majirani. Vita vya Burundi vimekwisha, na mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Anayesafiri usiku leo ana sababu kubwa zaidi ya kuogopa lori lililoharibika katikati ya njia bila taa wala kiakisi kuliko kuogopa mtu kichakani. Na lori hilo limesimama pale kwa sababu dereva hakuwa na pa kulitoa.

La pili linanichosha zaidi. Kila mteremko wenye ajali nyingi hupewa shetani wake, naye husemwa kuwa anadai damu, na hukosi mtu wa kupendekeza mbuzi achinjwe. Miteremko ya Ngara haijasalimika na porojo hizi. Lori lenye tani 30 likishuka bonde refu kuelekea mto Kagera, dereva akikanyaga breki mfululizo, breki zinapata moto na kupoteza mshiko. Aliyeingia mteremkoni kwa gia kubwa, au aliyeliachia lishuke bila gia ili aokoe mafuta, hawezi tena kurudi gia ndogo. Aliyeendesha saa 14 bila kulala hufanya kosa hilo upesi zaidi. Damu ya mbuzi haipozi breki. Maegesho juu ya mteremko, dereva asimame, akague matairi, apumzike, ashuke kwa gia ndogo, hayo yanapunguza vifo, na ni maegesho yale yale ninayoyadai tangu mwanzo wa sura.

Wapo wenye pingamizi la heshima zaidi. Wanasema vituo vya malori huleta ulevi na maradhi, na Kagera haihitaji kukumbushwa, kwa kuwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983. Hoja hii siidharau. Lakini malori hayakungoja kibali cha mtu kuanza kulala Lusahunga, Benaco au Kabanga. Yanalala. Kinachochaguliwa ni kama yatalala gizani, mbele ya baa, au kwenye yadi yenye taa, mama ntilie, bafu na mhudumu wa afya anayepatikana jioni. Wengine wanasema mtu aliyebeba nyumba yake hatoi pesa. Hatoi za gesti, kweli. Hutoa za mafuta, za kuziba pancha, za mkungu wa ndizi, za asali, za mbuzi choma, na anaweza kukaa siku tatu pale ambapo mpangaji wa gesti angeondoka asubuhi.

Je, sherehe haina nafasi? Inayo, ikijua inamwita nani. Bukoba imeanzisha Ijuka Omuka, tamasha la Desemba linalowaita wana Kagera warudi nyumbani, na mantiki yake ni sahihi: linamlenga mtu mwenye ndugu wa kumlaza. Msafiri wa barabarani hana shangazi Ngara. Kwake yeye sherehe nzuri ni mnada, unaorudi kwa ratiba, usiohitaji mgeni rasmi, ambapo Mhangaza, Mshubi, Msubi na Msukuma wanauziana ng'ombe, mitumba na rubisi bila kuigizia mtu. Biharamulo nayo ina boma la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya 20, lenye kuta nene na uwanja. Kwa mtu aliyetoka hifadhini Burigi, uwanja wenye bomba la maji karibu na jengo kama lile ni sababu tosha ya kugeuza gari kuelekea kaskazini pale Lusahunga.

Ningeulizwa nianzie wapi kwa fedha ya yadi moja tu, ningeanzia Benaco, na sababu iko darajani Rusumo. Upande wa Rwanda magari hutembea kulia, upande wetu kushoto. Saa ya Kigali iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Mtu aliyepanga kuingia Tanzania saa kumi na mbili jioni hugundua ni saa moja usiku, giza limeingia, anaendesha upande asiouzoea, na mbele yake kuna malori yanayopanda kwa mwendo wa miguu. Huyo hatakiwi kwenda mbali. Anahitaji kibao kikubwa chenye picha ya kitanda na bomba, kilichowekwa kabla hajaanza kutafuta, na ada iandikwe juu yake kwa shilingi, moja kwa lori na kwa mtalii.